Kamba Juu ya Nyasi: Uchambuzi wa Kisa cha Ziara ya Kikundi cha Sanaa katika Ngome Iliyokuwa Gereza

Kuhusu andiko hili

Kisa kinachoelezwa hapa kilikipata kikundi cha sanaa cha vijana katika mojawapo ya wilaya za Dar es Salaam. Majina, mtaa, mwaka na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa au kubadilishwa, na herufi nilizotumia si za mwanzo wa majina ya wahusika. Wawili kati yao, ninaowaita Kijana K. na Mama M., waliisoma rasimu kabla haijatoka mikononi mwangu. K. aliomba aya moja iondolewe, nayo imeondolewa, Mama M. alisahihisha maneno mawili yanayohusu kazi yake ya zamani. Mimi nilikuwa mratibu wa ziara, kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa yanayosimuliwa ni yangu. Nimeandika kwa ajili ya walimu, walezi na waongoza vikundi wanaowapeleka vijana kwenye majengo ya aina hii, ambao kwa kawaida huandaa nauli, chakula na ratiba kwa uangalifu mkubwa, kisha wakasahau kujiuliza ni nani hasa wanayempeleka gerezani.

Usuli

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa kuazima. Wengi wa wanachama wana umri kati ya miaka 18 na 30. Wanachora zaidi ya kitu kingine chochote, na mikono mingi kati yao imelelewa na ile njia ya rangi za mafuta juu ya hadibodi ambayo Edward Saidi Tingatinga aliianza hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Kikundi kina walezi, watu wazima wa mtaani ambao hutusaidia kuzungumza na wazazi, kutunza fedha na kutuliza ugomvi. Mama M. ni mmoja wao. Tulimjua kama mstaafu wa serikali, mama mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Katika idara gani alistaafia hatukuwahi kumwuliza.

Kijana K. alikuwa na miaka 27. Aliletwa na binamu yake kiasi cha mwaka mmoja kabla ya ziara, na ndani ya wiki chache akawa ndiye hodari wetu wa kuchora mikono: mikono inayosuka, inayopanga nyanya, inayohesabu chenji. Ilifahamika kwamba kuna kipindi hakuwepo mtaani. Baada ya tukio ndipo tulipojua kwamba alikaa mahabusu miezi 14 kwa kesi ambayo hatimaye ilifutwa, akaachiwa bila kutiwa hatiani kwa lolote.

Mada yetu ya mwaka ilikuwa majengo yaliyobadilisha kazi. Tulianzia karibu, kwenye Boma la Kale la Barabara ya Sokoine, lililojengwa miaka ya 1860 katika enzi za Sultani Majid bin Said na ambalo siku hizi lina kituo cha urithi wa usanifu wa majengo. Vijana walilipenda, wakachora milango na ngazi zake, lakini michoro ikatoka mizuri na mitulivu mno. Tukaamua kutafuta jengo lenye historia inayouma zaidi, na ndipo wazo la gereza lilipozaliwa.

Kwa nini Ngome Kongwe

Pendekezo la kwanza lilikuwa kisiwa cha Changuu huko Zanzibar, ambacho watalii wengi wanakiita Kisiwa cha Magereza. Nilipoanza kusoma nikagundua jambo lililobadilisha mpango: gereza la Changuu lilijengwa katika miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani wakati huo, lakini halikupata kutumika kama gereza. Likageuzwa kuwa karantini ya watu waliotoka melini wakishukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Kwa upande mwingine, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, ambayo jina lake halitaji gereza popote, ndiyo iliyokaa na wafungwa katika karne ya 19. Kisiwa kina jina bila wafungwa, ngome ina wafungwa bila jina. Tulichagua ngome, na mpaka leo naona uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Historia ya ngome yenyewe ni mfululizo wa kazi zilizopokezana. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno. Ikawa ngome ya askari, ikawa gereza, mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli iliyokuwa ikienda Bububu, na mwaka 1949 ikageuzwa kuwa klabu ya akina mama. Katika miaka ya 1990 ilipata ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na leo ndani yake kuna maduka ya picha na kazi za mikono, na jukwaa ambalo matamasha kama Sauti za Busara na lile la filamu la ZIFF yamelifanya lijulikane mbali. Kwa kikundi cha wachoraji kutoka Dar es Salaam, chenye uwezo wa kulipia boti ya asubuhi na kurudi jioni, hapakuwa na mahali pa kufaa zaidi.

Maandalizi, na tulichokiacha

Tuliandaa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mazungumzo juu ya neno lenyewe. Neno "gereza" limetokana na neno la Kireno "igreja", yaani kanisa. Katika ngome za pwani makanisa ya Wareno yaliishia kuwa mahali pa kufungia watu, na jina la kanisa likabaki kwenye ndimi zetu likiwa na maana nyingine kabisa. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale inaitwa Gereza hadi sasa. "Jela" tumeichukua kwa Waingereza, na "mahabusu" inatoka katika Kiarabu, kwa maana ya aliyezuiwa. "Kifungo" na "mfungwa" peke yake ndiyo yetu tangu awali, yametokana na kitenzi tunachokitumia kwa mlango, kwa mzigo na kwa Ramadhani.

Cha pili kilikuwa zoezi. Mwenzangu katika uratibu, nitakayemwita Mwalimu J., alikuwa na hofu ya haki kabisa: kwamba vijana wangefika, wangepiga picha, wangenunua bangili, na wangerudi na michoro ya minara tu. Ngome leo ina nyasi, miti na kivuli. Mtu anaweza kukaa humo saa tatu bila kuhisi kwamba pamewahi kuwa na mfungwa. Akapendekeza tutandaze kamba ya manila kwenye nyasi, mraba wa mita 3 kwa mita 3, vijana wote 17 waingie ndani, mtu mmoja awe askari, na kwa nusu saa waishi ule msongamano na amri zake, kisha watoke wachore mara moja kabla mwili haujasahau. Niliona ni wazo zuri. Nilimwambia hivyo, na nilinunua kamba mwenyewe Kariakoo.

Hatukuwaambia vijana kuhusu zoezi, kwa sababu tulitaka liwashtue. Hatukuwaambia walezi, kwa sababu tuliona ni jambo dogo la darasani. Tulikuwa tumeomba ruhusa ya kukaa ndani ya ngome na kuchora, lakini kuhusu kamba na amri hatukusema neno kwa mtu yeyote wa pale. Na hatukuuliza kama katika safari yetu kuna mtu ambaye yeye mwenyewe, au ndugu yake, amewahi kufungwa au kufanya kazi gerezani. Swali hilo lilipita kichwani mwangu jioni moja. Nikaliacha, nikijiambia kwamba kumwuliza mtu jambo kama hilo ni kumvunjia heshima.

Siku yenyewe

Tuliondoka bandarini asubuhi, watu 22: vijana 17, walezi watatu, Mwalimu J. na mimi. Ilikuwa msimu wa kusi na bahari ilikuwa imechafuka, kwa hiyo mazungumzo ya neno "gereza" yalifanyika nusu ya watu wakiwa wameshika vichwa. Hata hivyo yalikolea kuliko nilivyotarajia. Binti mmoja aliuliza kwa nini lugha yetu ilihitaji kuazima majina mengi hivyo kwa jambo moja. Mwingine akasema kwamba mtaani kwao hakuna anayesema "gereza". Husema fulani "yuko ndani", na kila mtu anaelewa ni ndani ya wapi. K. alikuwa ameketi dirishani na alisikiliza bila kuchangia. Mama M. naye alinyamaza. Nilidhani wote wawili wanaumwa na bahari.

Tulipofika, saa ya kwanza ilikwenda kwa kutembea na kuchora kwa uhuru. Jengo jirani, Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na vijana walisimama muda mrefu wakilitazama. Baadhi ya michoro bora ya siku ile ni ya jengo hilo lililojeruhiwa likiwa ubavuni mwa ngome nzima. K. alichora fundi mmoja akipiga msasa kinyago. Mikono tena.

Saa tano na nusu tukatandaza kamba.

Zoezi

Vijana waliingia wakicheka, wakasukumana, wakapiga picha. Mwalimu J. alivaa kofia, akabadilisha sauti, akaanza kutoa amri ndogo ndogo: nyamaza, sogea, tazama mbele. Vicheko viliendelea. Baada ya dakika kama tano hivi, akapaza sauti: "Wafungwa, chuchumaa! Hesabu!"

K. alikuwa chini kabla neno la pili halijamalizika. Wenzake walikuwa bado wanatazamana, wengine wakijikunja nusu nusu kama watu walio mchezoni, lakini yeye alikuwa ameshachuchumaa kikamilifu, mikono juu ya magoti, uso umetazama ardhi, amejipanga kwenye mstari ambao haukuwepo. Wachache walicheka zaidi wakidhani anaigiza, na mmoja akampiga picha kwa simu. Mwalimu J. aliendelea kuhesabu, alipofika 17 akasema basi, simameni. Wote wakasimama isipokuwa yeye. Mwalimu J. akarudia kwa sauti yake ya kawaida, akamwita kwa jina. K. hakuinuka. Jasho lilikuwa likimtiririka ingawa tulikuwa kivulini, na nilipomkaribia niliona midomo yake ikitembea bila sauti.

Nilisimama nikiwa sijui la kufanya. Nasema hivyo kwa sababu msomaji aliye katika nafasi kama yangu anapaswa kujua kwamba muda huo hupita, ni mrefu, na watu wote wanamtazama mratibu.

Aliyefanya jambo ni Mama M. Alitoka alipokuwa ameketi, akaivuka kamba, akasimama hatua chache mbele ya K. bila kumgusa, na kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, iliyonyooka na isiyo kali, akasema: "Hesabu imetimia. Wote inukeni." K. akainuka. Ndipo Mama M. akarudi kwenye sauti yake ya siku zote, akamwambia, "Twende mwanangu, tukanywe maji," wakatoka nje ya lango kuelekea bustani ya Forodhani.

Uamuzi uliofanywa hapo na baadaye

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kusitisha zoezi na kuikunja kamba. Wa pili ulikuwa kuendelea na ratiba baada ya mapumziko ya dakika 20, nikihofia kwamba tukivunja siku nzima, K. angerudi na kuona kwamba ni yeye aliyeivunja. Nililifikiri hilo kwa nia njema, lakini sikumwuliza. Wa tatu ulihusu simu. Nilimwomba kijana aliyepiga picha aifute mbele yangu, akaifuta. Kumbe alikuwa ameshaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na kwa rafiki zake wawili walio nje ya kikundi. Ya kwenye kundi tuliiondoa ndani ya saa moja.

Kwenye boti ya kurudi hapakuwa na mazungumzo ya pamoja. Mama M. aliketi na K. na hawakuonekana kuongea. Wakati wa kuagana pale gatini K. aliniamkia kama kawaida na kunishukuru kwa safari, jambo lililoniumiza kuliko kama angenilaumu.

Nilikaa siku nne kabla ya kwenda kwao. Mwalimu J. alitaka tumpigie simu usiku ule ule. Mimi niliona simu ni kitu chepesi mno kwa jambo zito kama lile, na kwenda nyumbani mara moja kungemshtua mama yake. Tulichelewa. Katika siku hizo nne, binamu yake aliiona ile picha kwa mmoja wa rafiki wawili waliotumiwa, na K. akajua iko nje kabla hatujamwambia sisi.

Nilipofika, mama yake alinikaribisha, akaniletea maji, akatuacha. Nilimwomba radhi K. kwa mambo matatu niliyoyataja moja moja: kwa zoezi, kwa picha, na kwa kuchelewa. Alinieleza kwa kifupi kuhusu ile miezi 14. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: Mama M. alifanya kazi wapi? Nikamwambia sijui. Akasema, "Anajua. Alivyosema vile, nilijua anajua."

Matokeo

Mama M. alikuwa askari magereza kwa muda wote wa utumishi wake. Alitueleza mwenyewe katika kikao cha walezi wiki ile, akasema alinyamaza miaka yote kwa sababu mtaani watu hubadilika wakilijua hilo: wengine humwogopa, wengine humletea kesi za ndugu zao. Alieleza pia kwa nini alisema alichosema. Katika kazi yake watu waliochuchumaa kwa ajili ya hesabu hawakuinuka mpaka idadi ilingane na daftari na itamkwe hivyo. Mwalimu J. alisema "simameni", lakini hakuitangaza hesabu, na mwili wa K. ulikuwa bado unasubiri.

K. hakuja Jumamosi tano. Ya sita alikuja, akamfuata Mama M. mbele ya watu wawili watatu, akamwamkia, akamwuliza kama aliwahi kufanya kazi alikokuwa yeye. Akajibiwa: "Hapana, baba. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, na si huko." Waliongea kando kwa muda mrefu. Sijui walisema nini na sijauliza. Vijana wawili waliacha kikundi katika kipindi hicho. Mmoja ni yule aliyepiga picha, ambaye alijisikia vibaya kiasi cha kushindwa kurudi, na hilo nalo nalihesabu kama hasara ya uratibu wetu.

Maonyesho yalifanyika miezi mitatu baadaye katika ukumbi wetu ule ule wa kuazima. Michoro iliyotokana na zoezi la kamba ilikuwa tisa, na yote ilifanana: watu waliobanana, mikono imeshika nondo. Kwenye kamba hapakuwa na nondo hata moja. Waliziazima kutoka kwenye filamu. K. alileta kazi moja. Ilionyesha hotipoti 11 zimepangwa chini kando ya ukuta, kila moja na jina limeandikwa kwa kalamu nene juu ya kipande cha utepe, kila jina kwa mwandiko tofauti, na kandokando mkono wa mama mmoja ukiigeuza ya kijani ili jina litazame mbele. Aliomba isiwekewe jina lake wala maelezo yoyote. Wageni wengi walidhani ni picha ya harusi au msiba. Wachache walisimama mbele yake kwa muda, na akina mama wawili niliowaona walilia.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena Ngome Kongwe kwa mpango mwingine. K. alikuja. Alituomba yeye ndiye awahesabu watu wakati wa kupanda boti.

Uchambuzi

Nianze na kosa lililo chini ya makosa mengine. Tulifika mahali palipokuwa gereza, tukaona hapaonekani kuwa gereza, tukaamua kuliongeza gereza kwa mikono yetu. Mtu akiona upole wa ngome ile, nyasi zake na maduka yake ya picha, anashawishika kudhani kwamba historia imefichwa na kwamba kazi yake ni kuifukua kwa nguvu. Lakini upole huo nao ni sehemu ya historia. Mahali palipofungia watu pamegeuzwa kuwa mahali ambapo mtu anaingia na kutoka akitaka, anauza kazi ya mikono yake, anasikiliza taarab. Mgeni angeweza kuongozwa autambue mgeuko huo, aone kwamba lango ni lile lile na kilichobadilika ni ruhusa ya kulipita. Sisi tulimrudisha nyuma kwa kamba ya manila.

Zoezi lenyewe, nikilitazama sasa, siliona kama zoezi lililokuwa kali kupita kiasi. Lilikuwa la uongo. Kwa wasiojua gereza lilifundisha kwamba gereza ni kuchuchumaa na kucheka, ndiyo maana michoro yao tisa ilijaa nondo za filamu. Kwa aliyejua halikuwa na cha kumfundisha, likamnyang'anya siri yake mbele za watu. Fomu za tathmini tulizokusanya kwenye boti zilisema karibu zote kwamba "tulifurahia zoezi". Fomu hizo ninazo hadi leo kama onyo kwangu. Hoja ya Mwalimu J. kwamba mwili unakumbuka kile ambacho macho hayaoni ilikuwa ya kweli. Hatukujiuliza tu ni mwili wa nani, na unakumbuka nini.

Kuhusu kutouliza. Nilidhani kuna njia mbili, kumwuliza mtu au kumwachia siri yake, na kwamba ya pili ndiyo ya heshima. Kuna njia ya tatu, ambayo tuliitumia mwaka uliofuata: kueleza mapema, kwa watu wote, kwa maandishi, kila kitakachofanyika hatua kwa hatua, pamoja na sehemu nyingine ya kufanyia kazi kwa yeyote asiyependa kuingia, bila kutoa sababu. Mara hiyo vijana watatu walichagua kukaa Forodhani na kuchora majahazi. Hakuna aliyewauliza kwa nini, na mimi mwenyewe sijui kama sababu ilikuwa gereza au jua. Mshangao, ambao tuliuona kuwa kiungo cha zoezi, ndio uliomnyima K. nafasi hiyo ndogo.

Hapa pia kuna suala la umri wa majengo haya, ambalo waratibu hulipima vibaya. Tunazungumza kuhusu "magereza ya zamani" kana kwamba waliofungwa humo wote wamekufa. Gereza la Ngome Kongwe ni la karne ya 19, sawa. Lakini Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na Ngome ya Lamu, ambayo leo ni makumbusho na mahali pa shughuli za jamii, ilikuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984. Aliyetoka humo akiwa kijana wa miaka 20 anaweza leo kuwa babu wa mwanafunzi wako. Na hata jengo lingekuwa la kale kiasi gani, wageni wanaotoka Dar es Salaam wanatoka kwenye jiji lenye magereza ya Keko, Segerea na Ukonga. Katika kundi lolote la watu 20 wa mitaa yetu, ni busara kuchukulia kwamba kuna anayejua, ama kwa kukaa ndani, ama kwa kupeleka chakula, ama kwa kushika funguo.

Huyo wa mwisho ndiye niliyemsahau kabisa. Nilipofikiria nani anaweza kuumizwa, niliwaza mfungwa tu. Mama M. naye alibeba kitu, na siku ile alilazimika kukitoa hadharani ili kuokoa jambo tulilolianzisha sisi. Je, alifanya sawa? Mwalimu J. anaona kwamba kwa kutumia sauti ya askari alimthibitishia K. kwamba bado yuko ndani. Mimi naona kwamba K. tayari alikuwa huko, na mlango wa kutokea ulikuwa upande ule ule alioingilia. Maneno mengine yoyote, hata ya huruma, yangebaki nje. Mama M. mwenyewe hasemi alifanya sawa wala vibaya. Anasema hakukuwa na muda. Kitu kimoja tu ambacho sitaki msomaji akichukue hapa kama mbinu ni hicho alichokifanya: kiliwezekana kwa sababu alikuwa yeye, na asiyeijua kazi ile akijaribu kuiga atakuwa amerudia kosa la kofia ya Mwalimu J.

Kwingineko watu wamelishughulikia jambo hili kwa njia zinazofaa kutazamwa. Katika Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, ambacho ni makumbusho tangu miaka ya 1990, wageni huongozwa ndani ya gereza na watu waliowahi kufungwa humo kwa sababu za kisiasa. Anayejua ndiye anayesema, kwa hiari na kama kazi yake. Johannesburg, katika eneo la gereza la zamani ambako leo ipo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, jengo la mahabusu lilibomolewa na matofali yake yakatumika kujengea mahakama yenyewe, ambayo ndani ina mkusanyiko mkubwa wa kazi za sanaa. Ninalifikiria jengo hilo kila ninapoitazama picha ya hotipoti. Jamaa wa mtu aliye mahabusu huishi bila kujua ni lini, na tofali lililokuwa ukuta wa kusubiria hukumu limewekwa kwenye chumba cha kutolea hukumu, mahali ambapo jaji analiona.

Kilichofanya kazi katika ziara yetu ya kwanza kilikuwa kile tulichokiona kidogo: mazungumzo ya neno. Binti aliyesema "yuko ndani" alikuwa amefika mbali zaidi kuliko kamba ilivyowafikisha wote 17, na alifika huko kwa lugha yake ya nyumbani. Mwaka uliofuata tuliacha mazoezi ya mwili kabisa. Tulitembea na neno hilo ndani ya ngome, tukawaomba vijana wachore kitu kimoja tu, kitu ambacho mtu aliye nje humfanyia mtu aliye ndani. Walichora sabuni, nauli iliyokunjwa kwenye kanga, simu iliyowekwa sikioni, foleni. Hapakuwa na nondo.

Lililoharibika na ambalo hatujalitengeneza ni picha. Mmoja wa wale marafiki wawili aliifuta na akamwomba K. radhi mwenyewe. Wa pili amesema ameifuta. Hatuna njia ya kuhakikisha, na K. anajua hivyo. Tangu wakati huo simu hukusanywa kwenye mfuko mmoja wa kitambaa kabla ya kuingia mahali pa aina hii na hurudishwa baada ya kutoka, na picha za kumbukumbu hupigwa nje, mbele ya lango, na yeyote asiyetaka kuwemo husimama upande wa mpiga picha.